Mstari Mmoja wa Wasifu

Katika misiba yetu wasifu wa marehemu hufuata njia ile ile. Alizaliwa kijiji fulani, akasoma shule ya msingi hapa na sekondari pale, akaajiriwa, akaoa, akahamishwa vituo, akastaafu, akaugua, akafariki, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Msomaji akifika kwenye sekondari hupita mbio: "Mwaka 1986 alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, ambako alihitimu mwaka 1988." Hapo anageuza karatasi na tunahamia kwenye ajira yake ya kwanza.

Sisi tuliosoma naye tunakuwa tumekaa pamoja nyuma ya turubai, wazee wenye mvi sasa, na mstari ule ukisomwa tunainua vichwa. Mjane anamjua mume. Watoto wanamjua baba. Kazini wanamjua mkuu wa idara. Lakini yule kijana wa miaka 19 aliyelala kitanda cha juu, aliyekuwa akikoroma Kihehe (ndivyo tulivyosema), aliyeogopa popo kuliko alivyoogopa mtihani wa fizikia, huyo tunaye sisi tu. Hayumo kwenye karatasi inayosomwa, na siku sisi tukiisha hatakuwa popote.

Kwa sababu hiyo nina daftari. Ni kaunta buku nene, la jalada gumu, nililolianza mwaka 1996. Mimi ni mpima ardhi, na kazi yetu imenizoesha kuandika nilichokiona nikiwa bado nimesimama kwenye bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, kwa sababu ukisubiri hadi ofisini vipimo vinaanza kujitungia ukweli wao. Kila anapofariki mmoja wa Tabora tuliyekaa naye, ninampa ukurasa. Siandiki vyeo. Vyeo vitasomwa na wengine. Ninaandika alikaa meza ipi bwalo, alileta nini kutoka kwao, alimwogopa mwalimu yupi, alikuwa akifanya nini taa zikizimwa.

Kwa wasioijua shule yetu, niseme machache. Ilifunguliwa mwaka 1925, mwaka ule ule Donald Cameron alipokuja kuwa gavana wa Tanganyika na kuanza kujenga utawala wa kikoloni unaopitia kwa machifu. Waingereza walitaka watoto wa machifu wafundwe mahali pamoja: hesabu, Kiingereza, uraia, nidhamu, kisha warudi kwao kutawala. Baadaye vijana waliofaulu kutoka majimbo yote walianza kuingia, na kwa miaka mingi Tabora ikawa mlango wa kwendea Makerere. Mji wenyewe ulifaa. Ulikuwa njia panda ya misafara tangu zama za Mirambo, na tangu mwaka 1912 reli ilipoufikia ukawa njia panda ya garimoshi. Hadi leo ukishuka pale stesheni unasikia watu wakiulizana kama behewa hili ni la Kigoma, la Mwanza au la Mpanda.

Sisi tulifika kwa waranti, mabehewa ya daraja la tatu, matranka ya bati yamepangwa mlangoni hadi kondakta anapita kwa kuruka. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, ulimtambua stesheni kwa tranka jipya. Ilikuwa msimu wa maembe na kila kituo baada ya Manyoni tulinunua kitu dirishani. Nasimulia haya kwa sababu marafiki zangu wengi niliowazika nilianza kuwajua humo ndani ya behewa, kabla hatujaliona jengo lenyewe na matao yake.

Shule yenye umri huu ina marehemu wa namna nyingi, na wengine ni wa nchi nzima. Huwezi kusoma Tabora bila kuambiwa kila wiki kwamba Julius Kambarage Nyerere alisoma pale. Aliingia mwaka 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akaondoka mwaka 1942, mwaka ambao baba yake alifariki. Mwaka uliofuata alikuwa Makerere. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 nilisikiliza redio siku nyingi, na wasifu wake pia ulipita Tabora kwa mstari mmoja. Halafu TANU, halafu Uhuru, halafu Azimio. Hiyo ni haki yake. Lakini waandishi wa maisha yake wamesimulia kisa kimoja ambacho sisi wa Tabora tulikishika kuliko hotuba zote: kwamba akiwa mwanafunzi alilalamikia upendeleo waliopewa viranja, kwenye chakula na mambo mengine, akaona si haki mwanafunzi mwenzako ale zaidi yako kwa sababu tu amepewa cheo. Mtu aliyewahi kula bwalo la shule ya bweni anajua uzito wa jambo hilo. Kugusa sahani ya kiranja ni kugusa serikali.

Nikisoma habari zake za baadaye ninamwona kijana yule kwanza. Ndiyo maana nasema mstari ule haupaswi kupitwa mbio.

Kuna na wenzake. Rashidi Mfaume Kawawa alipita pale. Alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 Nyerere alipojiuzulu kwenda kujenga chama, akabaki naye bega kwa bega hadi mwisho. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009 na amezikwa Madale. Oscar Kambona naye alipita pale, akitokea shule ya Alliance ya Dodoma. Inasimuliwa kwamba hakuwa na ada, akaenda kwa askofu Mwanglikana akasali mbele yake Baba Yetu kwa Kiingereza, na askofu akakubali kumlipia. Akiwa Tabora ndipo alipomfahamu Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu St. Mary's, mji ule ule. Januari 1964 askari walipoasi, Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao wakati Rais na Makamu wake wamefichwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, walitofautiana, akaondoka nchini. Alikaa uhamishoni Uingereza hadi mwaka 1992, na London ndiko alikofia mwaka 1997, miaka miwili kabla ya Mwalimu, katika jiji lile lile.

Wakati tunasoma sisi, jina la Kambona halikutajwa kwa sauti. Mzee mmoja aliyekuwa akitunza bustani, aliyefanya kazi pale tangu ukoloni, alituonyesha siku moja jioni mahali ambapo vijana wa zamani walikuwa wakikaa kubishana, akataja majina akihesabu kwa vidole. Alipofika kwa Kambona akalitaja kama alivyotaja mengine, bila kushusha sauti, akaendelea. Nilikuwa na miaka 18. Sijawahi kumsahau mzee yule kwa jambo hilo. Kwake walikuwa vijana wa shule, basi, na bustani ilikuwa ya wote.

Ninaamini orodha ya marehemu wa shule inapaswa kuandikwa vile. Serikali ina sababu zake za kumtukuza huyu na kumweka kando yule, chama kina sababu zake, hata familia zina zake. Shule haina haja ya kuchagua. Abdallah Fundikira, chifu wa Unyanyembe, ambaye ikulu ya wazee wake iko Itetemia pale pale Tabora, alisoma pale, akawa Waziri wa Sheria wa kwanza wa nchi huru, akaachana na serikali mwaka 1963, na miaka ya 1990 akawa miongoni mwa wazee waliodai vyama vingi, akaongoza chama cha UMD. Kidaha Makwaia, chifu wa Usiha kule Shinyanga, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, Waafrika wa kwanza kukaa humo. Waingereza waliweka matumaini makubwa kwake. Baada ya Uhuru alipelekwa kuishi Tunduru, mbali na watu wake. Uchifu wenyewe ulifutwa na serikali mwaka 1963, na aliyeongoza serikali hiyo alikuwa mtoto wa chifu aliyelelewa katika shule iliyojengwa kwa ajili ya kuudumisha uchifu. Fundikira na Makwaia walifariki mwaka mmoja, 2007. Niliwaandikia kila mmoja ukurasa ingawa sikuwahi kukaa nao darasa moja, na ukurasa wa Kambona uko kati ya Nyerere na Kawawa. Nimewapanga kwa kufuata shule.

Samuel Sitta yuko karibu zaidi na kizazi changu. Mtoto wa Urambo, alizaliwa mwaka 1942, akasoma Tabora miaka ile ya mwisho ya ukoloni. Alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, mwenyewe alijiita Spika wa kasi na viwango, na mwaka 2014 aliongoza Bunge Maalumu la Katiba. Alifia Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016. Mwili wake uliletwa bungeni Dodoma kuagwa kabla ya kwenda Urambo. Mimi naishi Dodoma, nikaenda. Nikiwa kwenye umati nilikuwa karibu na wazee wawili waliovaa tai, mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu alikuwa hakubali kushindwa hoja hata ya nani aoge kwanza." Wakacheka wakifuta macho. Niliwasalimu, nikawauliza kama walisoma naye. Walisoma naye. Nilitoa kalamu pale pale, na wazee wale wakanipa zaidi ya nilichokuwa nimesoma magazetini wiki nzima.

Hawa wote, hata hivyo, wataandikwa na wengine. Daftari langu limejaa watu ambao hakuna mwanahistoria atakayewafuata.

Wa kwanza ni mtu wa Muleba. Alirudi kila muhula na senene waliokaangwa, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililofungwa kwa kitambaa na kamba ya mgomba. Wiki ya kwanza alikuwa mtu mwenye marafiki wengi kuliko yeyote bwenini. Alitugawia akisimama juu ya tranka, akituita mmoja mmoja kwa makabila yetu, na Mnyamwezi aliyekataa kula mdudu alilazimika kuimba. Alikuwa kipanga wa hesabu. Alipopata jibu alikuwa na tabia ya kuligonga daftari mara mbili kwa kifundo cha kidole, taratibu, na sisi tuliokaa nyuma tukisikia mlio mmoja tunajua yuko njiani, tukisikia wa pili tunainama kutazama kwake. Alikwenda kuwa mwalimu. Tarehe 21 Mei 1996 alikuwa ndani ya MV Bukoba, akitoka kwao kurudi kituoni, meli ilipozama ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Mamia walikufa asubuhi ile. Mwili wake haukutambuliwa. Baadaye tulisimama Igoma, kwenye makaburi ya pamoja ya watu wa meli ile, hatujui tuangalie wapi, na hakukuwa na wasifu uliosomwa. Usiku ule nikiwa nyumba ya wageni nilinunua kaunta buku nikaandika habari za senene na za mlio wa kifundo, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumzika nacho.

Wa pili hakumaliza shule. Kijana wa Kigoma, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu. Miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha sita alishikwa na homa Ijumaa, tukamsindikiza hospitali Jumamosi, Jumatatu malaria ilikuwa imepanda kichwani, na Jumatano kengele ikapigwa saa isiyo ya kengele. Wanafunzi wawili na mwalimu mmoja waliusindikiza mwili wake kwa garimoshi la usiku, na tranka lake. Tulilifunga sisi. Kukunja nguo za mtu uliyekuwa ukibishana naye juzi kuhusu nani alihamisha ndoo ni kazi ambayo mikono inakumbuka hadi leo. Siku ya mtihani wa kwanza namba yake ilikuwa bado kwenye orodha ya watahiniwa, na msimamizi, ambaye alikuwa mgeni, aliiita. Hakuna aliyejibu. Akaiita tena. Ndipo kiranja wetu akasimama, akasema kwa adabu, "Huyo alitangulia, mwalimu." Msimamizi akavua miwani, akakaa kimya kidogo, akaendelea na namba iliyofuata. Tukaandika mtihani.

Na huyo kiranja aliyesimama ndiye ukurasa mrefu kuliko zote. Alikuwa kiranja wa bwalo. Kwa miaka miwili aligawa ugali na maharage kwa kijiko kimoja cha bati alichokitunza mwenyewe, na sijawahi kuona mtu anayegawa kwa haki kama yule. Alipima kwa jicho. Akikosea kwa mmoja alirudisha. Nyama ya Jumapili aliikata mwenyewe na mpishi amesimama pembeni. Yeye alikula mwisho, na zilikuwepo siku mchuzi ulibaki wa kulowesha tu. Nadhani kisa cha Nyerere na sahani za viranja kilimwingia kuliko sote, ingawa hakuwahi kukitaja.

Baada ya JKT kwa mujibu wa sheria tulitawanyika. Alifanya kazi vizuri sehemu mbalimbali, akaoa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanza kukonda. Wasomaji wa umri wangu wanajua tulivyozungumza wakati ule. Tulisema "kifua", tulisema "ameugua muda mrefu". Dawa za kufubaza makali ya UKIMWI zilikuja kutolewa bure mwaka 2004, na yeye hakuifikia. Kizazi cha Tabora kilichomaliza miaka ile ya 1980 kilipukutika sana miaka hiyo, vijana wenye digrii, wenye watoto wadogo, na wasifu wao ulikuwa mfupi kuliko kawaida kwa sababu hakuna aliyetaka kusema mengi. Matokeo yake ni kwamba walipotea mara mbili, mwili na habari zao. Katika daftari nimewaandika kwa kirefu kuliko wengine kwa makusudi. Sijaandika walichougua. Nimeandika walichokuwa.

Miaka kadhaa baada ya mazishi nilikuwa na kazi ya upimaji upande wa Kaliua, nikapita kwa mama yake. Nilimkuta uani anapepeta karanga. Nikamwamkia kwa kwao, "Mwangaluka, mama," akaitikia, akanitazama sana, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia nilisoma na mwanawe Tabora. Aliweka ungo chini.

"Sikuwahi kufika huko shuleni kwao," akasema. "Baba yake ndiye alimpeleka. Alikuwaje huko?"

Nikamsimulia. Nikamwonyesha kwa mkono jinsi alivyoshika kijiko, alivyokiinua mbele ya macho, alivyorudisha akiona kimezidi. Nikamwambia alikuwa wa mwisho kula, siku zote.

Mama yule akacheka kwa sauti hadi majirani wakachungulia. "Huyu wangu? Hapa nyumbani alikuwa wa kwanza kula! Alikuwa anaiba mnofu jikoni kabla baba yake hajanawa." Akacheka tena, halafu akalia, halafu akaniuliza nimsimulie tena ile ya kijiko. Nikamsimulia tena. Alipoita wajukuu, watoto wa marehemu, waliokuwa wakikaa naye, nikasimulia mara ya tatu, na binti mkubwa akataka kujua kijiko kilikuwa cha namna gani, kikubwa kiasi gani, kilikuwa na mpini mrefu au mfupi. Nikamchorea mchangani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasumbua wenzangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp msiba ukitangazwa, picha inawekwa, kisha zinafuata "Pumzika kwa amani" hamsini zinazofanana, na mishumaa. Najua ni upendo. Lakini mjane akipita humo hakuti kitu cha kuchukua. Niliomba jambo moja: kila anayemfahamu marehemu tangu shuleni aandike alichokiona kwa macho yake, hata kama ni kidogo. Wengine walinijibu kwamba huo si wakati wake, watu wana majonzi. Mimi nasema ndio wakati wenyewe. Arobaini ikipita kila mtu amerudi kwenye shughuli zake.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, kipindi ambacho kila tangazo lilisema changamoto ya kupumua, tulipoteza wenzetu kadhaa kwa wiki chache, na misiba mingine hatukuweza hata kufika. Mmoja wao alikuwa mtu aliyejulikana bwenini kwa kazi moja: kuandika barua. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka, cha pwani, na vijana wa bara walimwendea na daftari lao la barua kumwomba awaandikie wasichana, hasa wa Tabora Girls. Malipo yalikuwa sukari. Kijiko kimoja kwa barua ya kujitambulisha, vitatu kwa barua ya kuomba radhi. Mtu mmoja alipolitaja hilo kundini wakafunguka wote. Mmoja akaandika kwamba ndoa yake ya miaka 30 ilianza kwa barua ile ya vijiko vitatu. Mwingine, aliyekuwa hasemi kitu miaka yote, akaweka picha ya barua yenyewe, karatasi imekuwa ya njano, mwandiko bado unasomeka. Mwingine akakumbuka kwamba marehemu alikataa katakata kuandika barua ya kumwacha mtu. Alisema hiyo kila mwanaume aandike mwenyewe.

Mtoto wake wa kiume alizichapa zote. Arobaini ilipofika, baada ya wasifu wa kawaida kusomwa, akasoma na zile. Shemeji yetu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo zile zangu alikuwa ameshafanyia mazoezi kwa wenzake." Walicheka wote. Baadaye aliniambia alikuwa na barua zake zote sandukuni, na kwamba usiku ule alizitoa akazisoma moja baada ya nyingine, akamsikia mumewe akiwa na miaka 20.

Wameniuliza kama naandika na mabaya. Naandika. Kuna mmoja aliyewatesa njuka muhula mzima, akiwaamsha saa tisa usiku wamchotee maji. Alikuja kuwa mtu mwema sana, mzee wa kanisa, mlezi wa watoto yatima. Nimeandika yote mawili kwa sababu bila la kwanza huwezi kujua alisafiri umbali gani. Mwanawe aliposoma ukurasa ule alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kumruhusu mtu yeyote nyumbani kumwamsha msichana wa kazi usiku, na hawakuwahi kujua kwa nini.

Sasa nina maombi, na nayaelekeza kwa watu mahususi.

Wazee wetu mliosoma Tabora kabla ya Uhuru na mko hai, mna miaka 80 na zaidi. Wajukuu zenu wana simu zinazorekodi sauti. Waketisheni. Msianze na siasa. Anzeni na kitanda mlicholalia, aliyekuwa kulia kwenu na aliyekuwa kushoto, na walichokuwa wakipenda kula. Ninajua mtoto wa mmoja wenu ana umeme na nafasi ya kutosha kwenye simu, kwa sababu mimi ndiye niliyempimia kiwanja.

Wenzangu wa 1986 hadi 1988, nina kurasa ambazo zina jina tu juu. Mmojawapo ni yule wa Rungwe aliyekuwa goli kipa, aliyeondoka JKT tukasikia kafariki ajalini njia ya Makambako. Nakumbuka glavu zake alizoshona mwenyewe kwa turubai la lori na hakuna kingine. Aliyelala karibu naye aniambie alikuwa akizungumza nini usiku.

Na ninyi wawili mliosindikiza mwili wa kijana wa Kigoma kwa garimoshi la usiku mwaka 1988. Mmoja wenu nasikia yuko Mpanda, mwingine sijui. Mliporudi hatukuwauliza kitu, tulikuwa na mtihani. Nataka kujua nani aliwapokea stesheni, nani alilifungua lile tranka, na kama ule mwandiko wake mzuri, kwenye yale madaftari ya jiografia tuliyoyaweka chini kabisa chini ya shuka, kuna mtu wa kwao aliyeuhifadhi.